Maswali na Majibu: Mbu Hajifunzi Kuhimili Dawa

Barua nyingi za safari hii kuhusu mageuzi ya viumbe zimetoka kwa wanafunzi wa skuli wanaojiandaa na mitihani, na karibu zote zina kosa moja: zinamsema kiumbe kana kwamba alikaa kitako akaamua kujigeuza. Nitalirudia jambo hili mpaka mchoke.

*Mwalimu, ikiwa binadamu katokana na sokwe, mbona sokwe wapo hadi leo?* (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi, na anayeliuliza tena hasomi. Hakuna mwanabiolojia anayesema kwamba tumetokana na sokwe wa leo. Kinachosemwa ni kuwa sisi na yeye tuna asili moja, na kwamba matawi yetu yaliachana yapata miaka milioni sita au saba iliyopita. Binamu yako hakulazimika kufa ili wewe uzaliwe.

*Tumeambiwa mbu wa Pemba wamezoea dawa. Je, wamejifunza vipi?* (Mwanafunzi, Chake Chake)

Hawakujifunza, mwanangu, wala hawakuzoea. Mbu anayetua kwenye chandarua chenye dawa ya jamii ya pairethroidi ama hufa ama hunusurika. Nafasi ya kufanya mazoezi hana. Ndani ya kundi kubwa la mbu, hata kabla dawa haijaletwa, huwamo wachache ambao jeni zao zimebadilika kidogo kwa bahati tu: wengine ile sehemu ya neva ambayo dawa huishika imekuwa na umbo tofauti, wengine miili yao hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunja sumu. Dawa ikipulizwa majumbani mwaka hadi mwaka, wenzao hufa na wao hubaki wakitaga, na kwa kuwa katika joto letu yai la Anopheles, mbu aenezaye malaria, huwa mbu kamili ndani ya wiki mbili hivi, vizazi vingi hupita kabla ya mwaka kwisha, na waliokuwa wachache huwa ndio wengi. Kilichobadilika ni kundi, si mbu mmoja mmoja. Pemba usugu huo ulithibitishwa, na dawa ya kupuliza ikabidi ibadilishwe. Huu ndio uteuzi asilia uleule ambao hoja zake Darwin na Wallace zilisomwa London mwaka 1858, nao unaendelea chini ya vitanda vyetu.

Hukuniuliza kuhusu antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, lakini nitakwambia, kwa sababu hesabu yake ni hiyohiyo na kasi yake ni kubwa zaidi: baadhi ya bakteria, wakipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Anayekwenda dukani kununua vidonge vinne bila ya cheti cha daktari, kwa kuwa koo linamwasha, anawachuja bakteria wa mwili wake na kuwabakisha walio sugu.

*Kwa nini yule popo mkubwa wa Pemba hayupo Unguja, na kima punju si mnyama wa asili wa Pemba?* (Msomaji, Wete)

Hatimaye swali la mtu aliyetazama nje ya dirisha. Jibu limo baharini. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi ya mita tu, na katika zama za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120. Kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mababu wa kima punju, paa nunga na chui walifika kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na haukukauka wakati huo, na ndiyo maana viumbe ambao ni wa Pemba peke yake, tukitazama wanyama wanaonyonyesha na ndege, ni wenye mbawa. Wamo ndege wanne, yaani bundi, ninga, chozi na kijindege kimoja chenye duara jeupe jichoni, na yumo popo huyo, Pteropus voeltzkowi, ambaye ukenda Kidike mchana utamkuta ananing'inia mtini kichwa chini, akijipepea kwa ubawa mmoja. Jamaa wa jenasi yake wako Komoro, Madagaska, Asia mpaka Australia, na bara la Afrika, ambalo liko karibu zaidi, halina hata mmoja.

Kima punju wa msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Wanaoniandikia kutaka wanyama zaidi wavushwe kisiwa hadi kisiwa wamtazame kwanza kunguru, aliyeletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu.

*Chui wa Unguja ni spishi ya peke yake?* (Msomaji, Makunduchi)

Hapana. Mwaka 1932 Pocock, mtaalamu wa wanyama, alimpa hadhi ya nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, akitazama umbo na madoa ya ngozi. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa chui wa Afrika wanakaribiana mno, wakawekwa pamoja. Uainishaji hurekebishwa ushahidi unapoongezeka, na hilo si aibu. Habari za chui wa kufugwa na wachawi hazimo katika safu hii.

*Je, kuyasoma haya ni kufuru?* (Msomaji, Mkoani)

Hukumu ya dini muulize sheikh wako. Kwenye mtihani andika ushahidi unaoulizwa.

*Pomboo ni samaki?* (Mwanafunzi, Kizimkazi)

Unaishi Kizimkazi na unaniuliza mimi! Pomboo anapumua kwa mapafu, ananyonyesha, na mkia wake hupiga juu na chini, ilhali wa samaki hupiga kulia na kushoto. Nguva naye si samaki, wala si jamaa wa karibu wa pomboo: wa kwake ni tembo na pimbi.