Saa Yangu Ilikuwa Kibogoyo: Kurekebisha Gia Iliyolika

Saa za umeme za zamani, zile za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi, zina tabia moja ambayo ningeijua mapema nisingefungua na kufunga skrubu kwa wiki mbili bure: hazijui kuchelewa. Ama zinakwenda sawasawa, ama zimesimama. Mota yake haihesabu muda wowote, inafuata tu mapigo ya umeme. Umeme ukiwa wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na mota ikiwa na ncha 30 za sumaku, rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, itazunguka mara 200 kwa dakika. Ikishindwa kufuata, haipunguzi mwendo kidogo kidogo kama saa ya ufunguo inayoishiwa na nguvu. Inasimama.

Hesabu hii inategemea wazalishaji wa umeme wawe waaminifu. Henry Warren, Mmarekani aliyetengeneza saa za aina hii, aliliona hilo mapema. Mwaka 1916 alifunga saa kuu kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Boston ili mafundi wa pale waweze kulinganisha mwendo wa jenereta zao na saa halisi. Kabla ya hapo umeme uliyumba, na saa zake zikayumba nao.

Kwa hiyo saa yangu ilipoanza kuchelewa kama dakika kumi kwa siku, huku ikitembea na kunguruma kama kawaida, nilipaswa kujua siku hiyohiyo kwamba mota ni nzima na kuna kitu kinateleza kati ya mota na mishale. Badala yake nikaanza kupima koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota. Tena nikainyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, jambo ambalo nakuomba usilifanye kamwe. Yanaingia kila mahali, yanakusanya vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linageuka kuwa msasa.

(Kabla ya kulaumu gia, hakikisha saa haikutengenezwa kwa ajili ya umeme mwingine. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiichomeka kwenye hezi 50 itachelewa dakika kumi kila saa moja, bila kukosa. Hiyo siyo mbovu, iko ugenini.)

Kilichonifumbua macho ni mshale wa sekunde. Nilikaa mbele ya saa dakika tano nzima nikiutazama bila kufanya lolote jingine. Ukapita vizuri, ukafika penye sekunde ya 11 ukasita kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha ukaendelea. Ukasita tena penye 26. Halafu 41. Halafu 56. Kila baada ya sekunde 15. Maana yake kuna kitu humo ndani kinachozunguka mara nne kwa dakika, na kina kasoro sehemu moja tu ya mzunguko wake.

Sasa fungua saa uhesabu meno. Kwangu, rota ilikuwa na gia iliyochongwa kama skrubu kwenye shafti yake, yaani kile kijiti cha chuma inachozungukia. Skrubu hiyo iliuma gurudumu la faiba lenye meno 50, na kila ikizunguka mara moja inasukuma jino moja. Mizunguko 200 gawanya kwa 50, unapata nne. Basi mhalifu nimeshamjua kabla sijamwona uso. Gurudumu lile lilikuwa na kigia chenye meno 10 kinachosukuma gurudumu la meno 40, ambalo ndilo linabeba mshale wa sekunde: nne gawanya kwa nne, mzunguko mmoja kwa dakika. Saa yako inaweza kuwa na namba tofauti, lakini njia ni hiyohiyo. Ikisita mara moja kwa dakika, angalia gurudumu la sekunde. Ikisimama kila saa mshale mrefu ukifika palepale, angalia gurudumu la dakika, au angalia kwanza kama mishale haigusani. Inatokea mara nyingi kuliko wengi tunavyopenda kukiri.

Hata uchelewaji unaeleza kitu. Jino moja likirukwa, sekunde 0.3 zinapotea. Likirukwa kila mzunguko, unapoteza karibu dakika 29 kwa siku. Mimi nilikuwa napoteza kumi, yaani skrubu ilikuwa inateleza mara moja katika kila mara tatu hivi. Gurudumu lilikuwa bado linajitahidi.

Kabla hujagusa chochote, chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Waya za zamani zilizovikwa mpira hukakamaa na kupasuka ukizikunja tu, kwa hiyo zikague na uzibadilishe kama zinamomonyoka. Na kama mishale au namba za saa yako zimepakwa rangi ile ya kung'aa gizani, usiikwangue wala usiipulize. Nyingi za zamani zilipakwa radiamu, na radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Rangi inaweza kuwa imeacha kung'aa kabisa na sumu yake bado iko vilevile.

Nilipolitoa gurudumu na kuliweka chini ya kioo cha kukuzia, niliona meno matatu yaliyopakana yamelika upande mmoja hadi yakawa kama ya papa, yamechongoka na kuinama. Mengine 47 yalikuwa na mfereji mwembamba tu katikati, pale skrubu ilipopita miaka yote. Faiba hii ni tabaka za kitambaa au karatasi zilizogandishwa kwa resini. Waliipenda kwa sababu haipigi kelele ikisuguana na chuma. Haipendi kulowa, kwa hiyo usiitumbukize kwenye maji ya sabuni wala kuiacha kwenye petroli usiku kucha pamoja na vipande vya shaba. Brashi kavu na kijiti cha meno vinatosha.

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Nilijenga meno yale matatu kwa gundi ya epoksi, nikayachonga kwa tupa ndogo kwa saa tatu huku ulimi umetoka nje. Yalipendeza. Yalidumu siku moja na nusu, kisha nikayakuta chini ya saa kama makombo.

Suluhisho lilikuwa rahisi hata naona aibu kulisimulia. Gurudumu la saa huzunguka upande mmoja tu maisha yake yote, kwa hiyo kila jino hulika upande mmoja tu. Upande wa pili haujawahi kufanya kazi hata siku moja. Ligeuze, la juu liwe chini, na skrubu itaanza kusukuma upande ulio mzima. Nilisita kwanza, maana meno yale yamelala mshazari kufuata skrubu na nilidhani nikigeuza mshazari utakwenda kinyume. Hauendi. Chukua skrubu yoyote uitazame kwa juu, kisha igeuze uitazame kwa chini: mzingo wake unaelekea upande uleule. Inashindikana tu kama gurudumu limechongwa bonde katikati lisilo sawa pande zote mbili, au kama kitovu chake hakikubali kukaa kinyume.

Kulitoa kwenye kitovu kunataka utulivu. Langu lilikuwa limebanwa tu, halikupigwa riveti. Nililiweka juu ya kipande cha mbao ngumu chenye tundu, kitovu kikiwa juu ya tundu, nikagonga taratibu kwa kijiti cha shaba. Usivute kwa koleo. Faiba iliyokaa miongo kadhaa hupasuka kama biskuti. Na ukishindwa kugeuza, kuna ujanja mdogo zaidi: weka washa nyembamba, kile kipete bapa cha chuma, kwenye shafti ili gurudumu lipande au lishuke kidogo. Mfereji ukihama, skrubu itauma sehemu ya jino ambayo haijaguswa. Nusu milimita yaweza kutosha.

Niligeuza, nikafunga, mshale ukazunguka bila kusita. Nikajisifu. Siku ya tisa ukaanza tena.

Hapa ndipo nilipojifunza lile ambalo mafundi saa hulisema kwanza na sisi tunalisikia mwisho: gia hailiki bila sababu. Nilishika shafti ya lile gurudumu kwa kibano nikaitikisa. Ikacheza. Tundu la shaba linaloshika ncha ya shafti halikuwa duara tena, lilikuwa limekuwa yai. Skrubu ilikuwa inalisukuma gurudumu mbali nayo, meno yanaumana kwa ncha tu badala ya kuumana kwa kina, na ncha ndizo zinazosagika. Hata ningepata gurudumu jipya lililotoka kiwandani jana, lingeliwa vilevile.

Basi kazi halisi ilikuwa bushi, yaani kipete cha shaba kinachoshika ncha ya shafti, si gia. Unapanua tundu hadi liwe duara tena, ukilinda kitovu chake cha asili: panua zaidi upande ambao haukulika, la sivyo kitovu kipya kitahamia kwenye kosa. Kisha unagonga bushi ndogo ya shaba kutoka upande wa ndani wa bamba lenye tundu hilo, na kuilainisha hadi shafti izunguke bila kukwama wala kutikisika. Ncha ya shafti yenyewe nayo ing'arishe kwanza. Ikiwa na mikwaruzo itakula bushi mpya. Kama huna vifaa vya kazi hii, mpelekee fundi saa bamba peke yake. Ni kazi ya dakika chache kwake, na gia utazifunga mwenyewe.

Mafuta: tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila tundu, dogo kuliko kichwa cha pini. Kwenye skrubu nilipaka grisi nyepesi kwa ncha ya kijiti, kiasi cha kuonekana tu. Gia zenye meno yaliyonyooka ziache kavu.

Kuna gia ambazo hazigeuziki wala haziponi. Za nailoni husinyaa kwenye shafti na kupasuka kati ya meno mawili, ufa unafunguka na gia inayofuata inakwama hapo. Nailoni haishiki gundi, usipoteze muda. Za aloi ya zinki ya zamani huvimba, hupasuka na kumomonyoka zenyewe kwa sababu ya risasi iliyochanganyika ndani yake. Hapo tafuta saa nyingine mbovu yenye mashine kama yako, hata kama sura yake ya nje ni tofauti kabisa. Ikibidi kuchongesha kwa mashine ya kereza, hesabu meno, ongeza mawili, kisha gawanya upana wa gurudumu kwa jumla hiyo. Gurudumu langu la meno 40 lina upana wa milimita 16.8: gawanya kwa 42, unapata 0.4, na hiyo ndiyo moduli, kipimo cha ukubwa wa jino, utakayomwambia fundi. Weka alama ya wino kwenye jino la kwanza kabla ya kuhesabu, mimi nilipata 39, 41 na 40 kabla ya kufanya hivyo. Fomula hii ni ya meno yaliyonyooka. Ya skrubu yana mambo yake, ndiyo maana naona kugeuza ni bora.

Kabla ya kurudisha mota, zungusha gia zote kwa pumzi. Ndiyo, zipulize. Mota ya saa hizi ina nguvu kidogo mno, na kama gurudumu la kwanza haliendi kwa pumzi, kuna mahali bado panabana. Yangu iliposogea kwa pumzi, nilifunga mota na kuiacha mezani bila kifuniko kwa siku kumi na nne, nikiutazama mshale kila nikipita. Penye 11, 26, 41 na 56 ulipita kama vile hapajawahi kuwa na kitu.