Baba kazeeka, lakini geti likigongwa usiku bado natetemeka

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 34, nina mke na mtoto mmoja, naishi Moro. Utotoni baba akirudi amelewa tulikuwa tunamjua kwa geti la bati, akilipiga teke tu mimi na dada tunakimbilia uvunguni, tunasikia mama anavyopigwa. Mpaka leo jirani akifunga geti usiku moyo unaenda mbio, jasho linatoka, usingizi mpaka saa tisa. Bosi akifoka mdomo unakauka. Mama anasema nimechezewa, niende kwa mchungaji. Sasa baba ana presha na sukari, ndugu wamekaa kikao wakaamua aje akae kwangu. Nikikataa ni laana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujachezewa. Mtoto akiishi miaka kwa hofu, ubongo unazoea kukaa macho, so sauti tu ya bati inatosha mwili kumwaga homoni za stresi kama vile mzee kaingia kweli. Ule utafiti wa Marekani wa akina Dk. Felitti na Anda, 1998, ulihesabu hata mtoto aliyekulia nyumba ambayo mama anapigwa, sio aliyechapwa yeye tu, na wakakuta mambo kama hayo yakirundikana utotoni, ukubwani sonona, ulevi, hadi magonjwa ya moyo yanaongezeka. Wale wa "mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu" achana nao, waulize kwanza wanalalaje.

Bati likilia, kanyaga sakafu kwa nguvu, shika ukuta, jiambie kwa sauti: niko Moro, nina miaka 34, huyo ni jirani. Toa pumzi polepole. Kisha nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, na dawa za usingizi za kujinunulia dukani usiguse. Kwa mchungaji nenda ukipenda, ila kliniki usiache.

Kuhusu mzee, kumtunza na kulala naye nyumba moja ni vitu viwili tofauti, na sioni laana hapo. Changia dawa, bima, nauli, akae kwa mwingine. Kabla ya kikao kingine mpigie dada yako, huenda naye anaogopa kusema. Na ukikubali aje siku chache kwa ajili ya kliniki, mkeo ajue yote kwanza, na pombe isiingie hapo kwako hata chupa moja.