Mbwa wa zizini na sala ya mjane

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mjane, nafuga mbuzi kijijini huku Kondoa. Tangu nipate mbwa, fisi hawajarudi zizini. Shemeji yangu anasema kila mbwa akinigusa sala zangu hazikubaliwi siku arobaini, na anataka kumtilia sumu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Pole na upweke wa kulinda zizi. Mbwa wako ni halali kumfuga. Hadithi ya kupungua thawabu za mfuga mbwa imemtoa humo humo mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba. Shemeji kashika mwanzo wake, mwisho kauacha.

Na hizo siku arobaini kazitoa wapi? Katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi, zimetajwa kwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Nani kazihamishia kwa mjane na mbwa wake? Ndiyo ajabu yetu: mbuzi akipotea twaenda kupigiwa ramli bila haya, mbwa akikatiza uani twakunja kanzu!

Wengi wetu twafuata madhehebu ya Shafi, na humo mbwa ni najisi mwili mzima. Lakini kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Kanga yako kavu, naye mkavu: swali. Akiilamba, au akikugusa akiwa amelowa, osha mara saba, moja iwe kwa maji yenye udongo. Najua kiangazi cha kwenu. Siku ndoo ni moja na watoto hawajanywa, shika kauli ya Imam Malik, aliyemhesabu mbwa kuwa twahara, uswali. Usiache sala.

Kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, wanazuoni wa hadithi wamekhitilafiana: Khattabi alimtoa mbwa aliyeruhusiwa, Nawawi hakumtoa. Basi alale zizini, si chumbani, uwe salama kwa kauli zote mbili.

Sumu, hapana. Mtume (s.a.w.) mwanzo aliamuru mbwa wauawe, kisha akakataza, isipokuwa mwenye kudhuru. Na nyama ya sumu haimchagui mlaji. Kesho utasikia kilio kwa jirani.

Kinachonitia hofu mimi ni kichaa cha mbwa. Mwone afisa mifugo, achanjwe kila mwaka. Aking'ata mtu, hata mkwaruzo, oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Kombe, yale maji ya maandishi ya Kurani ya kunywa, lisiwacheleweshe.

Shemeji naye, kama ana uchungu na ibada yako, akate miiba aje azibe zizi. Akimaliza, tutazungumza habari za mbwa.