Mafundi wapya wa sinema za nyumbani, rimoti kwanza

Wadogo zangu, bado tunakuta sebule zenye prosesa (kifaa kinachochambua sauti na kuigawa kwa spika) ya bei mbaya na rimoti 4 mezani, moja imebandikwa karatasi: "bonyeza hii mwanzo". Kosa ni lilelile kila mwaka.

1. Kodi ya kuwasha, yaani ishara ambayo rimoti hutuma kwa kifaa. Rimoti nyingi za TV na ving'amuzi zina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Kodi haibadiliki, kinachobadilika ni hali ya kifaa. Umempangia mteja kitufe cha "Sinema" kiwashe vyote kwenye rimoti ya pamoja, yaani rimoti moja ya vifaa vyote. Mtoto alishawasha TV kwa rimoti yake, kwa hiyo amri yako inaizima, prosesa inawaka. Mama mwenye nyumba anabonyeza tena: TV inawaka, prosesa inazima. Umeme ukikatika na kurudi, ndiyo basi kabisa, maana vingine hurudi vikiwa vimewaka na vingine vimezima. Simu utapigiwa saa tatu usiku, siku ya mechi.

Dawa ni kodi mbili: ya kuwasha tu na ya kuzima tu. Vifaa vingi huzielewa hata kama rimoti yake haina vitufe hivyo. Zitafute kwenye jedwali la kodi la mtengenezaji, uzijaribu kabla mteja hajatoa hela ya rimoti. Zikikosekana, angalia kama TV huwashwa na kitufe cha namba. Ikiwa hivyo, kuizima kwa uhakika ni kutuma namba, kusubiri sekunde 10 iamke, halafu kodi ya kawaida. Msiruke kusubiri huko! TV inayoamka haisikii amri, na ndiyo maana "imegoma kuhamia HDMI 2".

2. CEC, yaani vifaa kuamrishana kupitia kebo ya HDMI. Rimoti ya pamoja na CEC zikiamuru kwa pamoja, vifaa vinawashana vyenyewe. Izime kwenye king'amuzi na deki. Kama sauti ya TV inarudi kwa ARC (njia ya HDMI inayorudisha sauti ya TV kwenye prosesa), iache kwenye TV na prosesa.

3. Infraredi (mwanga usioonekana wa rimoti) haipenyi mlango wa mbao. Bandika jicho la kurushia juu ya kipokezi chenyewe. Kimulike kwa tochi, utakiona nyuma ya plastiki. Rimoti ukiishuku, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze: ikiwa nzima, mara nyingi utaona taa inamweka.

4. Prosesa. Hesabu spika kwanza. 5.1.2 (spika 5 za kawaida, sabufa 1, spika 2 za juu) ni chaneli 7 za ampu, yaani kikuza sauti; sabufa ina ampu yake. Prosesa halisi haina ampu ndani, na kuna vijana huligundua hilo wakiwa wameshika waya za spika, wanatafuta pa kuzichomeka. Sebule ya kawaida resiva (prosesa na ampu katika boksi moja) inaitosha. Chukua yenye pre-out (matundu ya kutolea sauti kwenda ampu ya nje), ampu itaongezwa baadaye. Kwa 4K, kila kifaa cha njiani kiwe na HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili video). Kebo ya optiki haipitishi TrueHD (sauti ya Dolby isiyopunguzwa ubora); tumia eARC, ARC iliyoboreshwa.

5. Rimoti za pamoja za Harmony za mtumba: Logitech iliacha kuzitengeneza 2021. Kwa rimoti yoyote, uliza kama inajifunza kodi bila intaneti.

6. Maikrofoni ya kupimia chumba iwekwe kwenye stendi, usawa wa masikio. Si juu ya mto wa sofa.