Maambukizi ya mifupa na viungo, wenye vyuma na wasio na vyuma: maswali yenu

Dokta, mama aliwekewa chuma pajani, miaka miwili sasa. Kuna kitundu kinatoa majimaji, tukimpa antibayotiki kinafunga, tukiacha kinarudi. Shida nini?

Poleni sana, mmehangaika. Iko hivi, bakteria wakishashika chuma wanajitengenezea utando, kama ule utelezi wa jiwe lililokaa majini, na humo dawa haiwamalizi kirahisi maana wengi wanakuwa kama wamelala na antibayotiki nyingi zinaua vizuri bakteria anayezaliana, kwa hiyo vidonge vinapunguza wale wa nje, kitundu kinafunga, mnashukuru, kumbe wa ndani wapo tu. Kitundu kikiwa kimefika mpaka kwenye chuma hapo hakuna ubishi tena, ni maambukizi, na anahitaji upasuaji wa kusafisha na kuondoa mfupa uliokufa, na kama mfupa umeshaunga basi chuma kinatolewa.

Ila jamani naomba hili mnisikie, msimpe tena antibayotiki za kubahatisha! Zinafanya vimelea visiote maabara halafu daktari anatibu gizani. Kama hali yake si mbaya, mara nyingi anasimamishwa dawa kama wiki mbili kabla ya sampuli, hilo mpange na daktari wake. Na sampuli zitoke ndani wakati wa upasuaji, tena kadhaa, sio kupangusa usaha wa juu, pale juu utaotesha hata vijidudu vya ngozi.

Goti limevimba ghafla, la moto, nina homa na siwezi kukunja. Sina chuma. Nisubiri Jumatatu?

Hapana ndugu yangu, nenda leo. Usaha ndani ya kiungo unaharibu gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu na gegedu haliotagi tena vizuri. Wavute maji kwa sindano wayapime, ikiwezekana kabla ya antibayotiki, halafu goti lisafishwe.

Mtoto ana homa, hataki kukanyaga mguu, ila eksirei imetoka safi.

Eksirei ya mwanzoni isikutulize, mabadiliko ya mfupa huchukua kama siku 10 hadi 14 kuonekana. Kwa watoto bakteria hufika mfupani kwa njia ya damu hata bila kidonda. Omba vipimo vya damu na MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kama ipo, na kama ana seli mundu mwambie daktari mapema, kwa wenye seli mundu bakteria aitwaye salmonela ni mshukiwa mkubwa.

Nyonga bandia ikipata maambukizi lazima itolewe?

Sio lazima. Ukiwahi ndani ya wiki chache wanaweza kuisafisha na kubadili vile vipande vinavyoweza kubadilishwa. Ukichelewa, inabadilishwa yote, kwa upasuaji mmoja au miwili.

Naweza kutumia vidonge badala ya dripu?

Wengi wanaweza. Utafiti wa OVIVA wa Uingereza, 2019, wagonjwa 1,054, ulionyesha vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa nyuma ya dripu. Lakini usifupishe muda, maana kwa wenye viungo bandia utafiti wa Ufaransa wa 2021 ulikuta wiki 6 za antibayotiki zilishindwa kwa wagonjwa kama 18 kati ya 100, wiki 12 kwa kama 9. Ukipewa rifampisini, antibayotiki mojawapo, usishtuke mkojo ukiwa rangi ya chungwa, na usiinywe peke yake bila dawa mwenzake, bakteria wanaizoea haraka sana.