Nieleze maana ya picha zangu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, nachorea kwenye tableti. Juzi nilituma kwenye kundi letu la wasanii mtandaoni picha ya mwanamke aliyebeba kizimba kitupu kichwani. Wengine wamesema ni msiba, wengine uhuru. Nieleze maana au ninyamaze? Na je, nitume faili kubwa?

JIBU: Marahaba. Usieleze, angalau si siku ya kwanza. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walipochora fuvu, mshumaa uliozimika na saa ya mchanga mezani, watazamaji wao walijua kwamba hiyo ni habari ya kifo na wakati unaopita. Ishara hizo zilikuwa za wote. Kizimba chako ni chako peke yako, kwa hiyo picha yenyewe lazima isaidie. Mlango uliovunjwa kwa ndani unasema jambo moja; uliofunguliwa kwa ufunguo, jingine kabisa. Hapo ndipo ningekaa na kalamu. Jina la picha nalo husaidia, ila lisiwe hotuba. (Mimi binafsi picha yenye aya tatu chini yake huipita.)

Faili kubwa usitume. Pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1,500 hivi upande mrefu zinatosha kwa skrini. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, zinatoa inchi 5 tu, kwa hiyo anayeiba hatapata picha kubwa iliyo safi ya kuchapa. Faili lenye tabaka zote (sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine) baki nalo: ndilo ushahidi wako akitokea mtu wa kudai kazi ni yake.