Nyumba ya uani kando ya uchochoro: tafuta bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) kabla hujamwita fundi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujenga chumba, sebule, jiko na choo nyuma ya nyumba yako hapo Ilomba, Mbeya, mlango ukiangalia uchochoro, na kama kibali ni lazima wakati hati ya kiwanja unayo. Nimejenga ya namna hiyo upande wa Iyunga, kwa ajili ya mama alipohama kutoka Tukuyu, kwa hiyo nakueleza yaliyonikuta.

Kibali ni lazima. Hati inakupa haki ya kutumia ardhi kwa masharti yaliyoandikwa humo, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza kiwanja. Kibali ulichojengea nyumba ya mbele hakiibebi ya nyuma. Nenda kwa afisa mipango miji na ramani inayoonyesha majengo yote mawili, shimo la choo, na umbali wa kila ukuta hadi mpakani. Akwambie yeye uache mita ngapi nyuma. Usiige vipimo vya jirani, maana vinabadilika kufuatana na ukubwa wa kiwanja.

Mimi niliponzwa na mpaka. Nyuma kulikuwa na uzio wa michongoma niliokuta wakati nanunua. Fundi akavuta kamba akifuata michongoma, nami nikaridhika. Tukiwa kozi ya tano ya tofali, ukuta ukapigwa X nyekundu. Nikamleta mpima. Akazunguka na mashine yake, akaja kusimama kwenye jalala la majivu ya jikoni, akasema, "Chimba hapa, kaka." Jembe likagonga zege kwenye kina cha shubiri mbili hivi. Nikapangusa udongo kwa kidole gumba mpaka namba zikasomeka. Ilikuwa bikoni, na michongoma ilikuwa imeingia uchochoroni sentimita 70.

Tulivunja ukuta mzima wa nyuma. Tofali za kuchoma zilitoka vipande vipande, nusu hazikufaa tena, na msingi tukachimba upya. Roho iliniuma sana. Lakini masika yaliyofuata choo cha mzee wa nyumba ya tatu kilijaa, gari la majitaka likaingia kinyumenyume, kioo chake cha pembeni kikapita kiganja kimoja tu kutoka ukutani kwangu. Zile sentimita 70 zingebaki, lisingepita, na yule mzee angekaa na kinyesi uani kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo siwezi kunyamaza nikiona mtu anasogeza ukuta uchochoroni.

Shimo lako nalo liweke mahali ambapo mpira wa kunyonyea wa gari la majitaka utafika bila kupita sebuleni kwa mtu. Kama nyuma yako kuna mto, kumbuka kuacha mita 60 kutoka mtoni, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Paa lifanye la mteremko mmoja, maji yateremkie uani kwako kwenye gata na pipa. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, maji ya bati yakidondokea msingi wa jirani, ugomvi hautaisha.

Mdau mmoja kwenye mjadala huu ametaja Vancouver, Kanada, kwamba wenzetu wanajenga vichochoroni wapendavyo. Sivyo. Mji ule uliziruhusu nyumba za uani za vichochoroni mwaka 2009 kwa kanuni zake, na kibali kinatakiwa kule pia. Kwetu, ndugu akikuomba umkatie kipande cha nyuma umuuzie, hapo umeshaanza kugawa kiwanja. Hilo ni ombi jingine, lenye upimaji mpya, na usilichanganye na kibali cha kujenga.

Ramani ikiwa tayari iweke hapa, nione shimo umelipanga wapi.